Dagaa, papa, nyangumi: hiyo bado si njama

Wiki hii nimetumiwa tena mpango wa kampeni, yaani kisa kirefu cha mchezo wa kuigiza wahusika mezani, niukague, na tena nimekuta yaleyale. Jambazi wa njiani ametumwa na nahodha wa lango, nahodha ametumwa na waziri, waziri ametumwa na mchawi, na nyuma ya mchawi kuna mungu mfu. Mwenyewe anaiita njama ya matabaka matano. Hapana! Huo ni mpangilio wa vyeo ofisini. Dagaa anaripoti kwa papa, papa kwa nyangumi, na wachezaji watapanda ngazi hiyo wakiua mmoja baada ya mwingine, kila maiti ikiwa na barua mfukoni inayomtaja anayefuata. Wanachopata kila hatua ni jina tu.

Najua mkanganyiko unakotoka. Tangu mwaka 1981, Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa aina hii uliotungwa na Sandy Petersen, imewafundisha waendeshaji wa michezo kujenga kisa kama kitunguu, ganda juu ya ganda, na mfano huo umeenea hadi kwenye kampeni za mapanga na mazimwi. Ushauri ni mzuri. Ila watu wameshika maganda na kusahau kwamba kila ganda likitoka, kisa chenyewe kinageuka maana. Tabaka si cheo. Tabaka ni jibu jipya la swali lilelile: hapa kinafanyika nini hasa?

Kampeni ninayoiendesha sasa ilianza na wizi wa kengele za mahekalu. Wezi wanataka shaba, wanaiuza kwa uzito, basi. Mnunuzi wao ni tajiri mwenye deni linalomkosesha usingizi, na kila mzigo anaoupeleka kaskazini unafuta sehemu ya deni hilo. Anayemdai ni jemadari anayeyeyusha kengele apate vichwa vya mikuki ampindue malkia, na anaamini kwa moyo wote kuwa njama nzima ni yake. Aliyempa wazo la kengele ni kuhani anayejua kwamba mlio wa kengele hizo kila alfajiri ndio unaokilaza kitu kilicho chini ya mlima. Kuhani hataki vita wala kiti cha enzi. Anataka kimya.

Hakuna hapo anayepokea amri kama mtumishi. Kila mmoja ana shida yake, na shida ya mmoja inalisha ya mwenzake. Akiuawa jemadari, tajiri anapumua, wezi wanatafuta soko, na kuhani anatafuta jemadari mwingine. Tajiri anaweza kuvutwa upande wa wachezaji. Jemadari mwenyewe anaweza kuonyeshwa kwamba ametumiwa, na hasira yake ikawa silaha yao. Kwenye ngazi ya vyeo hakuna wa kugeuzwa, kuna wa kuuawa tu.

Majina, majoho meusi na alama za siri malizia mwisho. Kanuni ya Justin Alexander, mwandishi wa masuala ya michezo hii, yaani vidokezo vitatu kwa kila hitimisho unalotaka wachezaji walifikie, ifuate bila ubishi.

Muda wangu mwingi unakwenda kwenye mishono. Kati ya wala njama wawili lazima kitu kipite: fedha, mzigo, barua, mtu. Hicho ndicho dokezo, na dokezo zuri halielezeki kwa tabaka ambalo wachezaji wameshalijua. Kwangu lilikuwa daftari la tajiri: kengele zinakwenda kaskazini, ndimi zake, vile vipande vya ndani vinavyozigonga zilie, zinakwenda magharibi kwa mkokoteni mwingine. Wachezaji walikuwa wameshafunga kesi, wamegawana dhahabu. Mmoja alikuwa anarudisha kete mfukoni alipouliza, “Kama anatengeneza silaha, mbona ndimi ndizo za chuma, na ndizo anazoziachia?” Meza ikanyamaza. Sikuongeza neno. Yule aliyekuwa amesimama akavuta kiti akakaa tena.

Kuna jambo bado linanisumbua. Wachezaji wakikisia kitu bora kuliko ulichoandika, ubadilishe ukweli? Niliwahi kufanya hivyo katika kampeni iliyopita. Kikao kilichofuata kilikuwa kitamu kweli. Miezi miwili baadaye mchezaji anayeandika kila kitu akanionyesha barua ya kikao cha tatu na kuniuliza ilimaanisha nini. Sikuwa na jibu, na niliona uso wake ukibadilika. Tangu siku hiyo, tabaka ambalo vidokezo vyake vimefika mezani siligusi. La chini kabisa, ambalo hakuna aliyelinusa, naliacha wazi. Sijashawishika kwamba mpaka huo ni wa haki, maana mchezaji anayekisia mapema anaadhibiwa na anayechelewa anapata zawadi.

Hata idadi ya matabaka nabahatisha. Kundi linalokutana kila baada ya wiki mbili husahau, na matatu kwa kawaida yanatosha. La kuhani ni la nne, nililiweka kwa hofu. Jumamosi tunakaa tena. Mkokoteni wa magharibi hawajaufuata bado, na kengele zinazolia zimebaki mbili.