Oili ya giaboksi kwenye magari ya zamani ya jeshi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gari la jeshi la miaka ya 1940 au 1950 liliundwa likijulikana litateswa. Lingeendeshwa na vijana waliojifunza udereva kwa haraka, lingebebeshwa kupita kiasi, lingevushwa mito na kutengenezwa chini ya mti. Sifa hiyo imezaa imani kwamba chuma cha namna hii hakidhuriki. Lakini fungua giaboksi ya Willys MB, gari dogo la Marekani la Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na utakuta ndani yake oili isiyofika hata lita moja. Ni kama lita 0.7 tu. Kiasi hicho ndicho kinachobeba joto, kinacholinda meno ya gia na kubembeleza vipande vya shaba. Basi ni vizuri kujua ni oili gani, na kwa nini.

«Gari la vita halichagui oili»

Hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Chati za kulainishia za jeshi la Marekani wakati wa vita zilitumia herufi chache: OE kwa oili ya injini, GO kwa oili ya gia, CG kwa grisi ya kawaida. Askari hakuulizwa kemia. Alisoma herufi, akatafuta pipa lenye herufi hizohizo. GO hiyohiyo iliingia kwenye giaboksi, kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) na kwenye difu (gia za katikati ya ekseli). Ya uzito mkubwa wakati wa joto, nyepesi wakati wa baridi.

Ila herufi hizo mbili zilikuwa zimeficha uchaguzi uliokwisha kufanywa na wahandisi. Aliyesoma GO hakuwa akitia oili yoyote. Alikuwa akitia oili moja maalumu bila kujua jina lake refu. Pia giaboksi ikifa vitani, karakana ilifunga nyingine na safari ikaendelea. Mwenye gari hilo leo hana ghala la jeshi nyuma yake.

«GL-5 ni bora kuliko GL-4, namba si kubwa zaidi?»

Ningeruhusiwa kufuta imani moja tu, ningefuta hii. Namba za GL za oili za gia, zilizowekwa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, si madaraja ya shule kwamba wa tano amempita wa nne. Kila namba inaeleza aina ya kazi.

GL-5 ni ya gia za haipoidi, zile za kwenye difu, ambazo meno yake husuguana kwa kuteleza huku yakibanwa kwa nguvu kubwa sana. Ili chuma kisigandiane na chuma, oili hiyo hutiwa viongezi vya salfa na fosforasi kwa wingi, mara nyingi takribani mara mbili ya vilivyomo kwenye GL-4. Penye joto la msuguano, viongezi hivyo huungana na uso wa chuma na kutengeneza utando mwembamba unaokubali kulika badala ya jino. Kwenye difu hiyo ni kazi safi, na difu za Willys MB ni za haipoidi, kwa hiyo GL-5 huko haina ubaya.

Giaboksi ni habari nyingine. Ndani yake mna ringi za sinkronaiza (zinazosawazisha mwendo wa gia kabla haijaingia), washa za kuzuia msukumo na bushi, na vingi kati ya hivyo ni vya aloi za shaba. Salfa iliyo kali hushambulia shaba inapopata moto. Haitokei siku moja. Shaba inalika polepole, nafasi zinaongezeka, hadi gia inaanza kuruka yenyewe ukishuka mteremko na watu wanalaumu springi.

Hapa lazima nitende haki, maana upande wa pili nao una chumvi nyingi. Si kila GL-5 ya leo inakula shaba. Viwanda vingi vimeifuga salfa hiyo ili isiamke mpaka joto liwe kali kweli. Kuna kipimo kinaitwa ASTM D130: kipande cha shaba kilichosuguliwa kikang'aa hutumbukizwa kwenye oili ya moto kwa saa kadhaa, kisha rangi yake hulinganishwa na kupewa alama kuanzia 1 hadi 4. Karatasi ya maelezo ya oili ikionyesha 1, hofu ya kulika kwa shaba inapungua sana. Ikionyesha 3, iache kwenye difu.

Hata hivyo kuna sababu ya pili, na hii watu hawaitaji sana: utelezi. Ringi ya sinkronaiza ni breki ndogo. Lazima iume koni ya gia na kuisawazisha mwendo kabla ya meno kukutana. Giaboksi ya Willys MB, aina ya T-84, ina sinkronaiza kwenye gia ya pili na ya tatu pekee. Ukitia oili yenye utelezi kupita kiasi, ringi inateleza badala ya kuuma, gia inakwaruza, na dereva anarekebisha klachi isiyo na kosa lolote.

Na chupa iliyoandikwa «GL-4/GL-5» ichukulie kuwa ni GL-5. Maandishi hayo hayana maana kwamba kemia imegawanywa katikati. Viongezi ni vya ile kubwa.

«SAE 90 ni nzito mara mbili ya oili ya injini»

Namba za SAE hupima uzito wa oili, ila ya gia na ya injini ni rula mbili tofauti. Kwa nyuzi joto 100, oili ya gia ya SAE 90 huwa na mnato wa kati ya sentistoki 13.5 na 18.5. Oili ya injini ya SAE 40 huwa kati ya 12.5 na 16.3, na ya SAE 50 kati ya 16.3 na 21.9. Yaani oili ya gia ya 90 inakaa sawasawa na oili za injini za 40 na 50. Ndiyo maana si wazimu kukuta kitabu cha gari fulani la jeshi kikiagiza oili ya injini kwenye boksi la gia. Mtengenezaji hakukosea.

Waingereza waliongeza mtego wao. Baadhi ya vibao na vitabu vya magari yao ya jeshi vimeandikwa OEP 220. OEP ni oili ya kuhimili shinikizo, na 220 hiyo haipo kwenye rula ya SAE. Inakaribiana na SAE 90. Anayetafuta oili nzito kuliko 140 kwa sababu kaona 220 atapata uji.

Tukiwa kwenye uzito: kutia 140 ili kunyamazisha giaboksi inayolia au kuziba sili inayovuja hakutibu kitu. Oili hiyo, ikiwa na sentistoki 24 hadi 32.5 kwa nyuzi 100, asubuhi ya baridi haifiki haraka kwenye bushi na beringi zenye nafasi ndogo, na gia zinakuwa ngumu kuingia. Wauzaji wajanja wa magari zamani walitia vumbi la mbao kwenye giaboksi kwa nia hiyohiyo, ili inyamaze mpaka mnunuzi apate kona ya kwanza.

«Kitabu cha gari kimepitwa na wakati»

Majina ndiyo yamepitwa. Mwenye GAZ-69 ya Kisovyeti atasoma «nigroli», oili nyeusi nzito ya enzi ile, na hataikuta dukani. Kinachotakiwa ni kuuliza nigroli ilikuwa na tabia gani: oili ya madini isiyo na viongezi vikali, kwa giaboksi isiyovihitaji. Kutoka hapo njia inajulikana.

Kwa magari ya Marekani, angalia herufi ya mwisho. Sifa ya kijeshi ya MIL-L-2105, isiyo na herufi nyuma, inakaribiana na GL-4 ya leo. MIL-L-2105B ya mwaka 1962, pamoja na C na D zilizofuata, ni za daraja la GL-5. Herufi moja tu, na mtu anayenunua «oili ya jeshi» kwa kuona namba 2105 anaweza kuwa amenunua ile ambayo gari lake halikuwahi kuonja.

«Ikivuja, basi imo»

Utani huu wa magari ya zamani ya jeshi ni mtamu, na umeua giaboksi. Zikiwamo lita 0.7 tu, tone moja usiku mmoja ni jambo; miezi ya matone ni giaboksi kavu.

Tena oili haivuji kwenda nje peke yake. Kwenye Willys MB na kwenye Land Rover za zamani, transfa imeshikamana na mgongo wa giaboksi. Sili iliyo kati yake ikichoka, oili inahama kutoka boksi moja kwenda jingine bila tone kuanguka chini. Unakuta transfa imefurika na giaboksi imepungua. Mwenye gari akipima moja tu, anaridhika. Pima zote mbili siku moja, gari likiwa pahali tambarare. Oili iwe usawa wa ukingo wa tundu la kujazia.

Kuzidisha «kwa usalama» nako si usalama. Gia zinapiga oili iliyozidi mpaka inatoa povu, joto linapanda, na ziada inatafuta njia kupitia sili ya mbele hadi kwenye klachi. Land Rover zina plagi ndogo chini ya nyumba ya klachi, ya kufungwa wakati wa kuvuka maji na kuondolewa baadaye. Wapo wanaoiacha imefungwa mwaka mzima ili sakafu ibaki safi. Oili iliyovuja inajikusanya humo, na klachi inaanza kuteleza.

Na kabla ya kumwaga oili ya zamani, legeza kwanza plagi ya kujazia. Ikiwa imeshika kutu na umeshamwaga oili, una gari lisiloweza kwenda popote.

«Giaboksi imefungwa, maji hayaingii»

Ina tundu la kupumulia, na lazima liwepo, kwa kuwa hewa ya ndani hutanuka ikipata moto. Giaboksi ya moto ikizama mtoni inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na kama hapajawekwa bomba la kupumulia juu ya maji, inavuta maji kupitia tundu hilo na kupitia sili. Oili yenye maji huwa na rangi ya maziwa. Ikiwa gari limesimama usiku kucha, maji hushuka chini. Legeza plagi ya kumwagia taratibu na uone kinachotoka kwanza. Kikiwa maji, mwaga yote hata kama oili ni ya juzi.

Gari ambalo halijavuka hata dimbwi nalo hupata maji, kwa unyevu wa hewa unaoganda ndani joto likibadilika usiku na mchana. Ndiyo maana kwa gari la kutembea mara chache napenda kuhesabu miaka, si kilomita. Oili iliyokaa miaka mitatu bila kufanya kazi si mpya.

«Naliwasha kila wiki ili oili izunguke»

Likiwa limesimama na gia haijaingia, zinazozunguka ni shafti ya kuingilia na ile ya chini. Transfa na difu hazigeuki hata kidogo, na giaboksi haipati joto la kukausha unyevu. Afadhali kuliendesha kweli mara moja kwa mwezi mpaka boksi zipate moto, au kuliacha lilale.

«Boksi la gia ni boksi la gia»

Mwulize mwenye Ferret, gari la upelelezi lililotengenezwa na Daimler nchini Uingereza kuanzia 1952 hadi 1971. Giaboksi yake ina gia tano za kuchaguliwa kabla: dereva anachagua kwa mkono, kisha anakanyaga pedali ndipo gia inaingia. Ndani mna mikanda inayobana ngoma, na mikanda hiyo hufanya kazi ndani ya oili. Ukitia oili ya gia yenye viongezi vya shinikizo, mikanda inateleza, inaungua, na hapo hakuna cha kurekebisha kwa bisibisi. Kati yake na injini kuna flaiwili ya majimaji, inayopitisha nguvu kwa oili, nayo haijazwi pomoni. Inaachiwa nafasi ya oili kutanuka ikipata moto.

«Oili ikiwa nyeusi imekufa»

Rangi peke yake haisemi mengi. Oili nyingine huanza nyeusi. Imwage ikiwa na joto ili uchafu utoke nayo, upitishe kidogo kwenye kitambaa cheupe juani, na uache kabisa kusuuza kwa mafuta ya taa, kwa sababu yanabaki kwenye pembe za boksi na kuiyeyusha oili mpya. Tope laini la kijivu kwenye plagi yenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Chembe za rangi ya dhahabu ni shaba, na sumaku haizikamati, kwa hiyo plagi safi si ushahidi. Zitafute kwenye kitambaa. Vipande vyenye pembe, vinavyoshikika kwa kucha, ni meno ya gia. Vikionekana hivyo, usijaze oili mpya, shusha boksi.