Ajenda ya mkutano wa marais huanzia kwenye tamko la mwisho

Anayeandaa ajenda ya mkutano wa Wakuu wa Nchi kwa mara ya kwanza hufungua kompyuta na kuandika "Wajumbe kuwasili". Mimi huanza na tamko la pamoja, ile karatasi itakayosomwa mwishoni. Kila aya ya "Wakuu wa Nchi wameelekeza" lazima iwe na ajenda iliyoizaa. Ajenda isiyozaa aya yoyote irudi kwa mawaziri.

Chukua mkutano wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) uliofanyika hapa Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025. Suala lilikuwa moja: usalama wa mashariki mwa Kongo. Mawaziri walitangulia kukutana siku moja kabla, na marais wakaelekeza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku 5. Yupo mtendaji, ipo kazi, upo muda. Azimio likikosa kimojawapo, mwakani utalikuta tena kwenye makabrasha, lilelile.

Rasimu hupanda ngazi: wataalamu na maofisa waandamizi, kisha mawaziri, kisha marais. Maneno ambayo nchi hazijakubaliana huwekwa kwenye mabano, na kazi ya mawaziri ni kuyafuta. Kwa kuwa SADC na EAC huamua kwa maafikiano, bano moja linaweza kuushikilia ukumbi mzima. Likishindikana kabisa, lipelekwe juu likiwa na chaguo mbili zilizoandikwa kwa sentensi kamili. Usimpe rais vipande vya maneno ahariri mezani; atavihariri kweli, na wengine 15 watamsaidia.

Sasa hesabu ya muda, ambako ratiba nyingi hufia. SADC ina nchi wanachama 16. Dakika 5 kwa kila kiongozi ni dakika 80 kwenye karatasi. Wakizungumza dakika 8, na mshereheshaji akatumia dakika moja kumwita kila mmoja, unafika dakika 144, yaani saa 2 na dakika 24, kabla hamjagusa uamuzi wowote. Kikao cha wazi kiwe na wasemaji wachache: mwenyeji, mwenyekiti anayetoka, anayeingia na mkuu wa sekretarieti. Wengine wasemee kikao cha ndani, wakiwa wameketi. Na salamu! Kutaja wageni wote kwa vyeo hula dakika 2 au 3 za kila hotuba. Kubaliana mapema na maofisa itifaki kwamba mzungumzaji wa kwanza ataje wote, wanaofuata waseme "itifaki imezingatiwa" na kuendelea.

Misafara nayo ni sehemu ya ajenda. Misafara 16 ikipishana kwa dakika 5, kati ya kiongozi wa kwanza na wa mwisho kufika kwenye kituo cha mikutano cha JNICC hapa Dar es Salaam kuna dakika 75, kwa hiyo chumba cha mapumziko kipangwe kama kikao chenyewe. Barabara zikishafungwa hakuna bajaji itakayokuokoa: wakalimani, mafundi wa sauti na waandishi wa rasimu wawe ndani ya ukumbi kabla ya msafara wa kwanza kuondoka hotelini.

Wakalimani hukaa wawili kwa kibanda na hupokezana kila nusu saa hivi. Tangu mkutano wa SADC wa Agosti 2019, uliofanyika hapahapa, Kiswahili kimeungana na Kiingereza, Kifaransa na Kireno kama lugha rasmi za SADC. Kosa la kawaida ni kuwasahau wakalimani kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kubaki kikao cha ndani. Walinzi wakishawatoa, rais anavaa vipokea sauti na kusikia kimya.

Orodha ya wazungumzaji kwa alfabeti ina mtego wake: kwa Kiingereza Angola huongoza, kwa Kiswahili Afrika Kusini inaruka kutoka karibu na mwisho hadi mwanzo. Amua lugha moja na uiandike juu ya orodha. Saa vilevile: "saa 3:00" ya nakala ya Kiswahili ni 09:00 ya nyingine, na msaidizi aliyechoka na safari anaweza kuelewa alasiri. Anayejiunga kwa video, kama alivyofanya Rais Félix Tshisekedi wa Kongo kwenye mkutano ule wa Februari, aandikiwe saa za kwake pia. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 2.

Kuna ajenda moja ambayo mimi huifuta kwa marais: "Mengineyo". Ndipo jambo ambalo halijapita kwa mtaalamu wala waziri hupenyeza. Mwenye hoja mpya aitaje ajenda inapopitishwa asubuhi. Ajenda ya mwisho ibaki tarehe na mahali pa mkutano ujao, na nchi itakayotajwa iwe imekubali kwa maandishi. Isipokubali mapema, marais watakuwa wamesimama kusubiri picha ya pamoja huku waziri mmoja akiwa pembeni anapiga simu nyumbani.