Waya za mlingoti wa katamarani kulegea sio lazima iwe ubovu

Watu wengi wakienda kucheki katamarani (boti yenye miili miwili) ya mashindano iliyotumika, wakiona waya ya upande wa demani (upande upepo unakoelekea) inacheza wanasema hii imechoka, kaza mpaka ilie. Inaeleweka, maana boti nyingi za mlingoti usiozunguka hukazwa hivyo kweli. Ila katamarani nyingi za mashindano mlingoti wake unazunguka, umechongwa uufuate upepo ili hewa ipite vizuri kwenye tanga, sasa ukikaza waya kupita kiasi mlingoti unakwama halafu mzigo mkubwa unaenda kwenye kitako chake na boriti ya mbele. Ukivuta kamba ya kukazia tanga kuu, waya ya joshini (upande upepo unakotoka) na ya mbele zinakaza zenyewe, ya demani inabaki legevu, kawaida tu.

Kujua mwenyewe, boti ikiwa nchi kavu ushike mlingoti uuzungushe kwa mkono, kamba inayouzuia usizunguke ukiwa umeilegeza, uone kama unakwama. Hesabu matundu ya pini za kufungia waya kwenye boti, kushoto na kulia, yalingane. Ubovu wenyewe utafute penye waya inapoingia kwenye kishikio: kutu, au uzi uliokatika, pitisha tishu (sio kidole jamani!) ikinasa badilisha.