Kwa Nini Ramadhani Huzunguka Misimu Yote, na Pasaka ya Wayahudi Haizunguki?

Jumamosi ya tarehe 6 Oktoba 1973, majeshi ya Misri na Syria yaliishambulia Israel. Wayahudi wengi walikuwa kwenye masinagogi, wamefunga, kwa kuwa ilikuwa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Askari wa Misri waliovuka Mfereji wa Suez nao walikuwa ndani ya Ramadhani. Ndiyo maana vita vile vina majina mawili: Waisraeli huviita Vita vya Yom Kippur, na Waarabu wengi huviita Vita vya Ramadhani.

Lakini tazama tarehe zenyewe. Kwa Waislamu ilikuwa mwezi 10 Ramadhani 1393. Kwa Wayahudi ilikuwa mwezi 10 Tishri 5734, na Tishri ndio mwezi unaofungua mwaka wao. Siku ya kumi kwa hawa, siku ya kumi kwa wale, kwa sababu mwezi walioufuata ulikuwa mmoja.

Tishri na Ramadhani zilikwenda sambamba tena mwaka 1974, na tena 1975. Ilipofika 1976 zikaachana: Ramadhani ikaanza mwishoni mwa Agosti, Tishri ikasubiri hadi karibu na mwisho wa Septemba. Hazikukutana tena mpaka 2005, zikafuatana hadi 2007, zikaachana mara nyingine. Kulitokea nini mwaka 1976? Wayahudi waliongeza mwezi mzima ndani ya mwaka wao.

Miezi kumi na miwili ya mwandamo hufanya siku 354 hivi. Jua linataka siku 365 na robo. Upungufu ni siku kama 11, na kila anayefunga anaujua kwa mwili wake: Ramadhani hurudi nyuma mwaka hadi mwaka, mpaka baada ya miaka 33 hivi iwe imezunguka misimu yote. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na mtindo wa kuisogeza miezi, na Kurani ikaukataza katika Surat Tawba, aya ya 36 na 37. Miezi ni kumi na miwili, basi.

Wayahudi wamefungwa na amri nyingine. Torati inawaagiza waitunze Pasaka katika mwezi wa Abibu, na abibu ni masuke ya shayiri yanayoanza kukomaa. Pasaka ni sikukuu ya kutoka utumwani Misri, na papo hapo ni sikukuu ya shamba. Ukiiacha irudi nyuma siku 11 kila mwaka, haitachukua miaka mingi kabla hujaikuta katikati ya baridi, shayiri ikiwa bado majani. Kwa hiyo wana bwana wawili, mwezi na jua, na kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa kumi na tatu, Adari ya pili, ili mwezi usiliache jua nyuma.

Zamani hakukuwa na jedwali. Mashahidi walioona hilali walipanda kwenda Yerusalemu, wakapokelewa katika ua mkubwa ulioitwa Beit Yaazek na kuandaliwa chakula kizuri, kusudi watu wasione uzito wa kuja tena. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, inasimulia kwamba Rabban Gamalieli, kiongozi wa baraza la marabi, alikuwa na michoro ya mwezi ukutani, akiwauliza wasiojua kueleza: uliouona ulikuwa kama huu, au kama ule? Ushahidi ukikubaliwa, moto uliwashwa juu ya Mlima wa Mizeituni, wa mlima wa pili wakauona na kuwasha wao, na hivyo hivyo mpaka habari ikaelekea Babeli. Baadaye wapinzani wao wakawasha mioto ya uongo, ikabidi watumwe wajumbe kwa miguu. Waliokaa mbali mno wasifikiwe kwa wakati walisherehekea siku mbili ili wasikose ile ya kweli. Hadi leo Wayahudi wengi wa nje ya Israel hukaa karamu ya Pasaka usiku mara mbili, na walio Israel mara moja.

Yeyote aliyewahi kukesha akisubiri kutangaziwa Idi, mtaa mmoja ukiwa umeshapokea habari ya mwandamo na mwingine ukisema bado, atakielewa kisa hiki. Mashahidi wawili walidai wameuona mwezi, na usiku uliofuata haukuonekana. Gamalieli akawakubali. Rabi Dosa ben Harkinas akasema ni mashahidi wa uongo, na Rabi Yoshua akaunga mkono pingamizi hilo. Gamalieli akampelekea amri: siku itakayokuwa Yom Kippur kwa hesabu yako, njoo kwangu na fimbo yako na fedha zako, vitu ambavyo siku hiyo takatifu hairuhusu kusafiri navyo. Yoshua alihuzunika, lakini akaenda. Gamalieli alisimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa hekima na mwanafunzi wake kwa utii. Kwangu hiki ndicho kiini cha kalenda yote ya Wayahudi: waliona ni afadhali watu wote wakosee siku pamoja kuliko kila mtu awe sahihi peke yake.

Mwezi wa ziada nao ulipigiwa shauri. Waliangalia shayiri, matunda ya miti, na mahali jua lilipofika. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, inataja pia sababu za watu wa njiani: mvua imeharibu barabara na madaraja, au matanuri ya kuokea Pasaka hayajakauka, basi mwaka uongezwe mwezi.

Utawala wa Roma ulipowabana na jamii zao zikatawanyika, mashahidi waliachia nafasi hesabu. Mapokeo yanamtaja Hileli wa Pili, kiongozi wao wa karne ya 4, kuwa ndiye aliyeiweka. Kila miaka 19 ina miaka 7 yenye miezi kumi na mitatu, na mpangilio huo ndio unaofuatwa Yerusalemu, New York, na hata Mbale, Uganda, kwa jamii ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.

Ndani ya hesabu hiyo mna huruma iliyofichwa. Yom Kippur haiangukii Ijumaa wala Jumapili. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, kwa maana siku yao, kama ya Mswahili wa jadi, huanza magharibi. Yom Kippur ikigusana na Sabato, zitakuwa siku mbili mfululizo ambazo hakuna kupika wala kuzika. Kwa hiyo mwaka mpya husogezwa mbele mapema, ili maiti asilale na mboga isinyauke.

Dola ya Israel ya leo imeendeleza mantiki hiyo bungeni. Uhuru ulitangazwa mwezi 5 Iyari kwa kalenda ya Wayahudi, yaani tarehe 14 Mei 1948, na siku inayoutangulia ni ya kuwakumbuka askari waliokufa. Tarehe hiyo ikiangukia Ijumaa au Jumamosi, sherehe hurudishwa Alhamisi, kama mwaka 2025. Ikiangukia Jumatatu husogezwa Jumanne, kama 2024, maana kumbukumbu ya wafu ingeanza Jumamosi usiku, na watu wangelazimika kuiandaa Sabato ikiwa bado haijatoka.

Kuna ufa mmoja. Mwaka wa wastani wa hesabu hii ni mrefu kuliko mwaka wa jua kwa dakika 6 na kitu. Ni kidogo, lakini hufika siku nzima kila baada ya karne mbili na ushei, na Pasaka inazidi kuchelewa taratibu. Kuziba ufa kunahitaji baraza lenye mamlaka kama lile la kina Gamalieli, litakalokubaliwa na Wayahudi wote. Baraza hilo halijakaa kwa zaidi ya miaka 1,500.