Chuo Kina Jina, Sawa. Lakini Hiyo Kosi Imeidhinishwa?

Kila KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo hapa Kenya, wakifungua dirisha la transfa, dawati letu la ushauri hapa Mombasa linajaa wazazi wenye ombi lile lile. Mtoto amepangiwa TUM (Technical University of Mombasa) pale Tudor, ama Pwani University kule Kilifi, kosi ni ile ile aliyoiomba mwenyewe, lakini nyumbani wamekaa kikao wakaamua ahamishwe apelekwe Nairobi kwenye "chuo chenye jina". Safari hii malalamiko yamezidi, wengine wanaandika mitandaoni ati sisi tunawafungia watoto wa Pwani wasiende vyuo vikubwa. Hatumfungii mtu. Na niseme mapema, ofisi yetu haimpigii debe chuo chochote wala haigawi nafasi, nafasi ziko kwa KUCCPS na vyuo vyenyewe, haya ni maelezo ya jumla tu.

Tuanze na katofu maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Katofu ni pointi za klasta za mwanafunzi wa mwisho kuingia kwenye ile kosi, bas. Klasta yenyewe inahesabiwa kwa kuchanganya masomo manne yanayohusika na kosi pamoja na ufaulu wako wa jumla wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na juu kabisa ni 48. Nafasi zikiwa chache na waombaji wengi katofu inapanda, mwaka unaofuata nafasi zikiongezwa inashuka, na walimu ni wale wale na maabara ni ile ile. Ni kama bei ya samaki wa jana pale mnadani, inakwambia wanunuzi walikuwa wengi kiasi gani, haikwambii samaki alikuwa freshi. Sasa mtu anakuja na simu ananionyesha, hii ni 41 hii ni 34, kwa hivyo hii ya 41 ndio bora. Hapana mzee wangu. Tumeeleza redioni, tumeeleza mashuleni, bado.

Swali la kuuliza ni hiyo kosi, sio chuo, hiyo kosi, imeidhinishwa na nani? Kwa digrii wenye kazi hiyo ni Commission for University Education, CUE, chini ya sheria ya vyuo vikuu ya 2012, na orodha ya programu walizozikubali iko kwenye tovuti yao. Kwa diploma na vyeti vya ufundi ni TVETA, chini ya sheria ya 2013. Lakini usiishie hapo, kuna na bodi za taaluma, uhandisi ni Engineers Board of Kenya, uuguzi ni Nursing Council of Kenya, sheria ni Council of Legal Education, na hizi bodi zina masharti yao. Kuna wahandisi miaka ya nyuma walimaliza miaka yao mitano kwenye vyuo vikuu vya umma vinavyojulikana vizuri tu, walipofika kwa bodi wakaambiwa digrii yao haitambuliki, na huo mvutano wa nani mwenye kauli kati ya CUE na bodi ulifika mpaka kotini. Jina la chuo halikuwasaidia kitu. Mwanafunzi wa uuguzi naye anatakiwa awe ameandikishwa na baraza akiwa bado yuko chuoni, sio angoje graduesheni ndio aanze kuulizia. Kwa hivyo angalia orodha zote mbili, ya CUE ama TVETA na ya bodi, piga picha skrini ionyeshe tarehe, uiweke.

Halafu kuna hili la kwetu linalonishangaza. Tunakaa mji wenye bandari, KMFRI ya utafiti wa bahari makao yake makuu yako hapa hapa Mkomani, mahoteli yamejipanga kutoka Nyali mpaka Diani, alafu mtoto anayetaka kazi za bahari anatolewa hapa apelekwe bara akasome kosi yoyote ile bora chuo kiwe kinajulikana. Melini hawakuulizi ulisoma chuo kikubwa kiasi gani. Wanataka vyeti vya STCW, huo ni mkataba wa kimataifa wa 1978 wa mafunzo ya mabaharia ambao hapa kwetu unasimamiwa na Kenya Maritime Authority, na wanataka kujua umekaa baharini muda gani. Bandari Maritime Academy ukiitaja harusini huenda mtu asigeuke kukuangalia, lakini kufundisha mabaharia ndio kazi yake. Na ndio, mtoto mwenye C+, ile ya kuingilia digrii, anaruhusiwa kuchukua diploma, C- ni kima cha chini cha kuingilia diploma, haimaanishi diploma ni pahali pa waliofeli. Hii nimechoka kuieleza.

Wala sisemi kila mtoto wa hapa abaki hapa. Kama kosi unayoitaka haiko Pwani, ama iliyoko bodi haijaikubali, nenda Nairobi, nenda Eldoret, nenda Maseno, na sisi tutakusaidia kujaza.

Pesa sasa. Kwa mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, skolashipu ya serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, vinapangwa kwa uwezo wa familia, ukubwa wa chuo hauingii. Aliyepangiwa chuo kikuu binafsi hapati hiyo skolashipu, mkopo tu. Mfumo wenyewe umepingwa mahakamani, kwa hivyo soma tangazo la mwaka wako, usitegemee alichopata binamu. Hela ya ada inaenda chuoni moja kwa moja, ya kujikimu ndio inamfikia mwanafunzi, na haiongezwi ati kwa sababu umepanga chumba Nairobi. Mtoto wa Kisauni anayesoma Tudor analala kwao na anakula kwao, mbona iwe aibu? Mkopo una riba ya asilimia 4, unaanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza, ukikaa kimya kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na jina laweza kupelekwa CRB, wanaoweka rekodi za wasiolipa madeni. Aliyeacha masomo katikati kwa kushindwa na kodi ya nyumba pia anadaiwa, na huyo hana hata cheti cha kutafutia kazi.

Ukiwa bado unataka kuhama, utaratibu ni huu. Ngoja dirisha la transfa kati ya vyuo lifunguliwe, ingia kwenye potali ya KUCCPS kwa indeksi namba ya KCSE, mwaka wa mtihani, na namba ya cheti cha kuzaliwa ama indeksi ya KCPE, ule mtihani wa kumaliza msingi, chagua kosi, lipa kupitia eCitizen, hiyo hela hairudi hata ukikataliwa. Lazima uwe umefikisha katofu ya hiyo kosi kwa mwaka wako, sio ya mwaka wa dadako, na nafasi iwepo. Kisha vyuo vyote viwili vinahusika, kile kinachokuachia na kile kinachokupokea. Kuhusu kuripoti muulize msajili wa chuo ulichopangiwa, usikae tu nyumbani ukingoja jibu.

Na wale mnaoambiwa na vijana wa mjini "nina mtu ndani", KUCCPS haitoi barua ya kujiunga, barua inatoka kwa chuo chenyewe. Kughushi hati kwa sheria ya makosa ya jinai ni kifungo cha hadi miaka mitatu, na anayeitumia akijua ni feki anahesabiwa sawa na aliyeitengeneza. Ukisema hukujua utaieleza huko polisi, sisi hatuwezi kukutetea.

Mkija kwetu leteni resalti slipu, cheti cha kuzaliwa na mtoto mwenyewe, maana tunapata wazazi wawili, mjomba mmoja na mwanafunzi hayupo, na ukimpigia simu unakuta hata hajui kuna mpango wa kuhama. Mje mapema pia. Siku ya mwisho potali inakwama, saiba zote zimejaa, na picha ya skrini ya saa sita usiku ikionyesha "inapakia" hatuwezi kuihesabu kama ombi.