Ua Linaloonekana Kukauka Kilimanjaro Liko Hai, na Haliruhusiwi Kuchumwa

Desemba 9 inapokaribia, Watanzania wengi hupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, na baadhi yao hushuka na maua meupe wameyachomeka kwenye kofia. Utetezi wao huwa uleule: limeshakauka. Halijakauka. Vijani vyeupe vinavyozunguka ua la Helichrysum newii huwa vikavu kama karatasi tangu linapochanua, na hujifunga hewa inapokuwa na unyevu ili kukinga sehemu changa za katikati.

Mmea huu, uliopewa jina la mmisionari Charles New aliyefika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, umewahi kuonekana hata ndani ya kreta ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, zaidi ya mita 5,600, karibu na matundu ya mvuke. Katika jangwa la juu, kuanzia takriban mita 4,000, hujikunyata nyuma ya mawe, matawi yake mafupi ya kijivu yakiwa yameshonana. Huko udongo huganda usiku, ukanyanyuka pamoja na mizizi michanga, kisha hulegea jua linapochomoza. Matawi hayo huzuia upepo, na majani yaliyokufa hubaki ndani yakihifadhi unyevu. Anayeukalia mmea kupumzika, au kuondoa jiwe linaloukinga ili akazie kamba ya hema, hufungulia baridi njia. Hoja ya mchumaji kwamba "ni moja tu" haina uzito pale ambapo mimea yenyewe ni ya kuhesabika.

Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inakataza kuharibu au kuondoa mimea hifadhini bila kibali, na anayekiuka anaweza kufikishwa mahakamani. Mtafiti anayehitaji sampuli hupata kwanza kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), maombi ya utafiti katika maeneo ya wanyamapori yakipitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), kisha huwasilisha vibali hivyo kwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) kabla ya kuingia hifadhini. Sampuli ikisafirishwa nje ya nchi, huhitaji pia cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Kibali cha kupanda mlima hakichukui nafasi ya hata kimoja kati ya hivyo, na idhini ya mdomo ya mwongozaji si kibali. Kupiga picha za kumbukumbu kunaruhusiwa, mradi mpigaji abaki njiani.