Aliyesoma sosholojia hana kazi? Tuangalie Moshi

Mitaani Moshi kuna maneno yaliyozoeleka: ukisoma sosholojia ukakosa nafasi ya afisa maendeleo ya jamii, umekwisha, rudi shambani au tafuta bodaboda. Kuna ukweli kidogo hapo. Nafasi hizo hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na waombaji ni wengi mno. Lakini si mlango pekee.

Chukua utafiti wa afya, ambao Moshi hauko mbali, hospitali ya rufaa ya KCMC ikiwa palepale. Tafiti hizi hazimalizwi na vipimo vya damu. Lazima mtu akae na mgonjwa, amsomee fomu ya ridhaa, amuulize kwa nini aliacha dawa, anyamaze mpaka ajibiwe, kisha anukuu sauti iliyorekodiwa neno kwa neno. Hiyo ni sosholojia tupu. Kuna pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari, na wananchi wanapaswa kushirikishwa. Mhandisi hajasomea kuwasikiliza wanakijiji.

Kuhusu mlezi wa kazi, yaani mtu wa kukuelekeza unapoanza, wengi humwinda bosi awape ajira (ndiyo maana simu hazipokelewi). Afadhali kaka au dada aliyehitimu miaka mitatu au minne kabla yako, ambaye bado anakumbuka njia aliyopita. Usimwombe akuunganishe. Mpelekee dodoso uliloandika, akuoneshe swali linalomlazimisha mhojiwa kukubali. Na SPSS au Stata, programu za kompyuta za kuchambua takwimu, ijifunze ukiwa bado chuoni.